Ukoko wa Risasi Fupi

Risasi ya kwanza iliingia ikakwama. Signe Amundsen akaisukuma kwa dole gumba, ikasogea kidogo, ikagoma tena, kitako chake kikabaki kimechomoza nje ya tundu kwa unene wa ukucha. Akaichomoa, akajaribu tundu la pili. Vilevile. La tatu, vilevile. Alipofika la sita alikuwa ameshapata jibu, lakini alilijaribu pia, maana tundu ambalo mpelelezi ameliruka ndilo wakili atakalomuulizia.

"Naona umeanza kuongea peke yako," alisema Sherifu Boyd Mackey kutoka mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Njoo uone."

Bastola ile ilikuwa ya marehemu Lyle Hostetter, ya silinda yenye matundu sita, iliyotengenezwa kupiga risasi ndefu zenye nguvu zinazoitwa magnamu. Huku Tamsett mtu haendi kuwinda milimani bila bastola ya namna hiyo kiunoni, hata kama ana bunduki kubwa begani, kwa sababu dubu hasubiri mtu aishushe bunduki begani. Lyle alikuwa na ya kwake. Alipokutwa amekufa kando ya mzoga wa kulungu aliyemwinda asubuhi hiyo, bastola ilikuwa imelala karibu na mkono wake. Risasi moja ilikuwa imetoka. Tano zilikuwa bado ndani.

Kila mtu mjini alisema ni dubu aliyemuua. Signe peke yake ndiye aliyekaa akajiuliza kwa nini mtu mwenye risasi sita apige moja tu.

"Imechezewa," alisema Mackey.

"Imechafuka."

"Si yaleyale?"

"Siyo." Signe akafungua droo, akatoa risasi nyingine, fupi, akaidondosha kwenye tundu lilelile. Ikateleza hadi ndani bila kusukumwa. "Fupi na ndefu zina unene mmoja, na bastola ya magnamu inazipiga zote mbili. Fupi haina nguvu, hairushi mkono, kwa hiyo watu wanaipenda kwa kulengea shabaha. Ubaya wake ni huu hapa." Akawasha tochi, akamulika. "Ganda lake halifiki mwisho wa tundu. Kila ukipiga, masizi na madini yanagandia mbele yake, yanajenga pete. Ukoko, kama wa sufuria. Usiposugua, siku ukitia ndefu inagonga ule ukoko, haikai."

"Hilo nalijua, dada. Baba yangu alinizaba makofi kwa ajili ya ukoko huohuo."

"Basi unajua pia kwamba ukiisukuma kwa nguvu inaingia kiasi cha kuruhusu silinda ifungwe. Ila haizunguki. Tazama bati la nyuma lilivyokwaruzwa na vitako vya risasi."

Mackey akainama na miwani yake puani. Mikwaruzo ilikuwa mipya, bado inang'aa.

"Lyle angeshtuka mapema," alisema.

"Lyle alikuwa haiweki na risasi nyumbani, kwa ajili ya wajukuu. Aliijaza ndani ya gari, chini ya mlima, kabla hakujapambazuka, ana glavu mikononi. Akasukuma, ikafunga, akaitia kwenye ala. Dubu alipokuja, ya kwanza ikatoka. Ya pili silinda ikakataa kuzunguka."

Mackey alivuta kiti akakaa. Yeye na Lyle walikuwa wakicheza karata pamoja kila majira ya baridi.

"Kwa hiyo Dewey hakusema uongo," alisema.

Dewey Pruitt ndiye fundi magari wa mji, na rafiki wa Lyle tangu wakiwa shule. Siku ile walipanda mlima pamoja. Dewey alitangulia kushuka na nusu ya nyama, akarudi kuchukua nusu ya pili, akamkuta mwenzake hivyo. Asubuhi hii alikuja ofisini mwenyewe, hakuitwa na mtu, akasema kwamba kwa muda mrefu amekuwa akipiga risasi fupi kwa bastola ya Lyle kwa siri na kuirudisha bila kuisafisha. Alitaka aandikiwe kosa la kuua kwa uzembe. Saa nane mchana angesimama mbele ya jaji na kukiri.

Mackey aliona kuna zaidi ya uzembe. Majira yote ya vuli watu walikuwa wakiona gari la Dewey na gari la Darla, mke wa Lyle, yameegeshwa pamoja kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Ilikuwa kila Jumamosi, saa ambazo Lyle yuko zamu kwenye kiwanda cha mbao.

"Lisemwalo lipo," alisema Mackey. "Na kikulacho ki nguoni mwako. Bastola kaipata wapi kama si kwa mke? Alimtaka mke, akamtengenezea mume bastola ya kufia."

"Mtu anayetaka kuua kwa ukoko wa risasi fupi inabidi kwanza apatane na dubu."

"Usinifanyie mzaha, Signe. Mtu anakiri mwenyewe. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini amekiri kitu ambacho sisi tulikuwa hatujakiona bado." Akaifunga bastola kwenye mfuko wake wa kielelezo. "Nipe hadi saa nane."

Dewey alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mahabusu, mikono yake mikubwa katikati ya magoti, grisi bado kwenye mikunjo ya vidole. Sahani ya mayai ilikuwa sakafuni haijaguswa.

"Kula," alisema Signe.

"Sina njaa."

"Umeanza lini kupiga fupi?"

"Zamani."

"Wewe? Wewe uliyemcheka kaka yangu mbele ya baa nzima, ukamwambia risasi fupi ni za mabibi, bora akanunue manati?"

Kona ya mdomo wa Dewey ilicheza kidogo, ikatulia. "Watu wanabadilika."

"Ulizinunua wapi?"

"Sikumbuki."

"Nikienda dukani nikauliza nani ananunua fupi siku hizi, nitaambiwa ni wewe?"

Dewey alitazama ukuta. "Andika nilivyosema, Signe. Kwani wino umekuishia?"

"Mara ya mwisho uliipiga lini?"

"Jumamosi ile kabla hatujapanda mlima. Pale machimboni."

"Ukiwa na Darla."

Dewey akainuka. Chumba kile kilikuwa kidogo, na mtu mwenyewe ni pande la mtu, lakini Signe hakurudi nyuma. "Usimtaje shemeji yangu humu ndani," alisema Dewey.

"Mji mzima unamtaja."

"Mji mzima una midomo michafu. Wataongea, wakichoka watalala. Yule mwanamke hajafanya lolote. Tena Lyle alikuwa wa kuonewa wivu kwa kuwa na mke kama yule."

"Keti, Dewey."

Akaketi. Signe alivuta kistuli, akakaa naye uso kwa uso. Swali lililofuata alikuwa amelibeba tangu mlangoni, na lilikuwa linamwasha.

"Jumamosi ile ulikuwa chini ya gari langu la kazi," alisema taratibu. "Kutwa nzima. Pampu ya maji ilikuwa imekufa na mimi nikakubembeleza uache mambo yako yote uitengeneze siku hiyohiyo. Ulikataa, ukasema una miadi. Nikakung'ang'ania. Kahawa nilikuletea mwenyewe, ukainywa ukiwa umelala chali. Sasa huko machimboni ulifika saa ngapi?"

Dewey aliinamisha kichwa. Alikuwa amefumba macho.

"Na jingine. Habari ya bastola kukwama tunaijua mimi na Boyd tu, na tumeijua leo. Wewe uliijuaje?"

"Niliiokota pale alipolala," alisema Dewey. Sauti ilikuwa imemwishia. "Nikajaribu kuizungusha. Nikajua hapohapo. Mtu wa kazi yangu haambiwi kitu kilichokwama kimekwama kwa nini." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikairudisha chini. Halafu nikakaa naye."

"Nani alikuwa anaipiga, Dewey?"

"Mimi."

"Darla anajua kwamba ilikwama?"

Hapo ndipo alipofumbua macho, na Signe akaona kwamba mtu huyu haogopi jela hata kidogo. "Hajui. Asijue. Leo atasikia mahakamani kwamba ni mimi, atanichukia, basi. Chuki mtu anaishi nayo. Nakuomba, Signe, niache nifungwe."

Machimbo ya kokoto yako nje kidogo ya mji, mahali ambapo vijana huenda kunywa bia na watu wazima kulenga makopo. Mvua ilinyesha Ijumaa ile kabla ya safari ya Lyle, udongo ukawa tope, kisha baridi ikaja ikaligandisha mpaka leo. Signe alitembea pembezoni, macho chini. Kwenye tope lililoganda palikuwa na alama za gari moja tu, lililoingia likatoka. Palikuwa na nyayo za buti ndogo, za mtu mwepesi, zikienda na kurudi kati ya mahali pa kusimama na ubao wa shabaha. Za Dewey, ambaye buti lake ni kama beseni, hazikuwepo.

Akachuchumaa. Maganda ya risasi yalikuwa ya aina mbili: ya zamani yaliyokanyagwa yakazama kwenye tope, na mapya yaliyokaa juu yake. Yote yalikuwa mafupi. Hata moja refu halikuwepo. Mapya yalikuwa mengi, ya kujaza kofia, kama vile mtu alikuwa na haraka ya kujua kitu.

Ubao wa shabaha ulikuwa umepigiliwa sahani za karatasi, zile za kulia keki kwenye sherehe. Zilikuwa zimewekwa chini kidogo kuliko kimo cha wanaume. Ya kwanza ilikuwa nzima kabisa, na ubao uliozunguka sahani ndio ulioliwa. Ya pili ilikuwa na tundu moja pembeni. Kadiri Signe alivyosogea kulia ndivyo matundu yalivyoanza kusogea katikati, na alijikuta anataka kumpongeza mtu. Mwisho wa mstari palikuwa na msumari mtupu, na chini ya kichwa cha msumari kipande kidogo kilichochanika cha karatasi nyeupe ambacho mvua haikukigusa. Sahani ya mwisho ilikuwa imechukuliwa.

Alisimama pale akifikiri. Mackey angesema kwamba mke naye alikuwemo, wawili hao walipanga, na mmoja alikuja kumalizia kuchafua. Hilo lingewezekana. Mtu anayejua ukoko unafanya nini anaweza kuutengeneza kwa makusudi. Palibaki swali moja tu, nalo halikuwa na jibu pale machimboni: Darla alikuwa anajua, au hajui?

Signe alirudi garini, akachukua bastola yake ya kazini, ya aina moja kabisa na ile ya Lyle, na makasha mawili ya risasi fupi. Akazipiga zote kwenye ukuta wa machimbo mpaka masikio yakaziba. Kisha akatoa risasi moja ndefu mfukoni, akaitia kwenye tundu. Ikaingia, ikakwama kwa unene wa ukucha.

Jikoni kwa Darla Hostetter meza yote ilikuwa imejaa vyakula vya msiba: viazi na nyama ya kusaga, makaroni na jibini, kila bakuli limefunikwa na jina la mwenyewe limebandikwa chini ili lirudishwe. Signe alihesabu kwa jicho, akaona ni vya siku mbili za kwanza tu. Tangu maneno ya machimboni yalipoanza kuzunguka hakuna jirani aliyeleta hata kijiko. Darla mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, amevaa sweta la mume wake lililomfika magotini.

"Pole sana, Darla."

"Nimeshapoa. Kaa." Alisogeza bakuli moja. "Umekuja kuniuliza kama nililala na Dewey. Uliza basi, wenzako wanauliza kwa macho, wewe angalau una mdomo."

"Nimekuja kukuuliza nani alikufundisha shabaha."

Darla alitazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaonekana kama mtu aliyeguswa mahali pasipouma.

"Mmejuaje?"

"Sahani zako. Ziko chini."

"Dewey alinipigilia kwa kimo changu." Alikaa. "Lyle alikuwa ananicheka, unajua. Miaka yote anapanda mlimani, mimi nabaki na redio. Nikisema nichukue, ananiambia, mke wangu, wewe ukisikia bastola unajificha chini ya meza, na yule mbwa anakufuata. Kweli nilikuwa naogopa. Niliwahi kupiga ile risasi yake kubwa mara moja, ilinirushia mkono mpaka usoni, nikapasuka nyusi. Akacheka wiki nzima. Hakuwa mbaya, alikuwa anacheka tu."

"Ukamwendea Dewey."

"Nikamwambia, shemeji, nifundishe, usimwambie. Ndoa yetu inatimiza miaka thelathini mwezi ujao. Nilitaka nimwambie, Lyle, vaa buti, tunapanda wote. Basi Dewey akaniambia ninunue zile fupi. Hazirushi mkono kabisa, zinasukuma tu kama mtoto anayetaka kupita. Nilikuwa naichukua bastola Lyle akienda kiwandani, naisafisha, naiweka pale pale kabatini kabla hajarudi." Alisukuma bakuli jingine kando. "Kwa nini Dewey hawaambii? Kwa nini anawaacha wadhani mambo mengine?"

Signe aliijua njia iliyobaki na hakuipenda. Angeweza kumweleza kwa maneno, lakini maneno yasingeonyesha yule mwanamke anajua nini. Ilibidi aione mikono yake. Alitoa bastola aliyoipiga machimboni, akaonyesha kwamba haina kitu, akaiweka kwenye taulo la meza pamoja na brashi, vitambaa na kichupa cha mafuta.

"Hii ni yangu. Nimeipiga fupi leo asubuhi. Ningependa unisafishie kama ulivyokuwa unasafisha ile."

"Mtihani huo?"

"Ndiyo."

Darla akakunja mikono ya sweta. Alifanya kazi vizuri, kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa na kupenda alichofundishwa. Akapitisha brashi kwenye mtutu, akapitisha kitambaa, kikatoka cheusi, akapitisha kingine, mpaka kikatoka cheupe. Akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Akafuta mpini, akafuta nyundo, akafuta silinda kwa nje mpaka ikang'aa. Akatia tone la mafuta mahali panapostahili tone. Kisha akaiweka juu ya taulo, akaisogeza kwa Signe, akangoja kusifiwa.

Hakuwa amegusa ndani ya tundu hata moja.

Signe aliona aibu kuwa ndiye aliyekaa upande ule wa meza. "Na matundu?" aliuliza.

"Hayo ni ya Dewey. Tukimaliza kupiga alikuwa anachukua silinda anasugua kidogo, mimi nafunga vitu. Nilimuuliza siku moja, akasema, shemeji, usijisumbue, wewe safisha mtutu. Ni muhimu?"

Signe alitoa risasi moja ya mazoezi, ndefu, isiyo na baruti, akaisimamisha mezani. "Itie hii."

Darla akaichukua, akaitia kwenye tundu. Ikaingia, ikasimama. Akaigeuza kidogo, akasukuma. "Inagoma," alisema. Akasukuma kwa dole gumba mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Akaitoa, akaitazama, akaitia kwenye tundu jingine. "Ni kubwa. Umenipa isiyo yake."

"Ni yake. Ni magnamu, kama alizokuwa nazo Lyle."

"Mbona haiingii?"

Signe alimweleza. Alimweleza kwa maneno machache, bila kuzunguka, juu ya ganda fupi na ukoko, na silinda isiyozunguka. Darla alikuwa anasikiliza huku dole gumba lake bado linasukuma, kana kwamba ikiingia tu mambo yatakuwa mengine.

"Dewey alikuwa anasugua," alisema.

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi."

"Ndiyo."

"Jumamosi ile hakuja. Alinipigia simu, akasema amebanwa na gari la mtu." Mkono ukasimama. "Nikaenda peke yangu. Nilikuwa nataka mpaka zote sita zikae katikati. Nilipiga makasha yote niliyokuwa nayo. Nikaisafisha, Signe. Niliisafisha mara mbili, nikaona inang'aa, nikairudisha."

"Najua."

"Gari la nani?"

Signe alikuwa na uwezo wa kutojibu. "Langu," alisema.

Darla alimtazama muda, lakini hakuwa na nafasi ya kumchukia mtu mwingine. Aliweka bastola chini kwa uangalifu mkubwa, akavikunja vitambaa vyeusi kimoja kimoja. Halafu akalia, uso ukiwa juu ya taulo, kilio cha chini kisichotaka kusikika na jirani. Signe alizunguka meza akakaa karibu yake na kumshika bega. Waliposikia saa ya ukutani ikigonga, Darla alinyanyua kichwa.

"Dewey anajua kwamba ni mimi?"

"Alijua palepale mlimani. Ndiyo maana yuko ndani. Saa nane anakwenda kumwambia jaji kwamba ni yeye."

"Mjinga," alisema Darla. "Mjinga mkubwa." Akainuka, akaenda kwenye kabati la chumbani, akarudi amevaa koti, mkono mmoja umebana kitu ndani yake. "Nipeleke."

Mackey alisikiliza maelezo amesimama koridoni, kofia mkononi. Alimtazama Darla, akatazama ile bastola na ile risasi isiyoingia, na Signe akaona jinsi maneno yake ya asubuhi yanavyomrudia mzee.

"Nifungeni mimi," alisema Darla. "Mimi ndiye niliyechafua."

"Hakuna wa kufungwa, Darla," alisema Mackey. "Hiyo ni ajali. Nitampigia jaji simu. Sheria haina kosa la mke kujifunza shabaha."

"Basi hili nililolifanya, nifanye nini nalo?"

Mackey aliivaa kofia yake. Akatoa funguo, akafungua mlango wa mahabusu, akausukuma mpaka ukutani.

"Toka, Dewey. Nenda nyumbani."

Dewey alimwona Darla nyuma ya sherifu, akaelewa kila kitu. "Nilikuomba, Signe," alisema. Hakuinuka. "Funga mlango, Boyd."

"Huna kesi."

"Nimesema funga."

Darla akapita katikati yao, akaingia mwenyewe, akakaa kwenye kitanda kile, ubavuni pake. Walikaa kama watu wawili wanaongoja basi.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu matundu?" aliuliza Darla.

"Ulikuwa unafurahi, shemeji. Ulikuwa ukigonga sahani unaruka. Nikasema kazi ya masizi nitaifanya mimi." Alitikisa kichwa. "Neno moja tu. Ningekuambia neno moja tu."

"Na mimi ningekusubiri Jumamosi moja tu."

Signe alikuwa mlangoni, na neno la tatu lilikuwa lake, juu ya pampu ya maji ambayo ingeweza kungoja hadi Jumatatu. Alilisema kwa sauti. Hakuna aliyemwambia si kitu.

Darla akafungua koti lake, akatoa sahani ya karatasi, kona yake moja imechanika mahali pa msumari. "Hii ndiyo ya siku ile," alisema. "Nilitaka kumpa siku ya ndoa yetu. Hakuna mtu aliyeiona."

Dewey akaipokea kwa mikono miwili. Matundu sita yalikuwa yamekaribiana katikati, kiasi cha kufunikwa na kiganja cha mtoto. Alipitisha dole gumba juu ya kila tundu, moja baada ya jingine.

"Umepiga vizuri, shemeji," alisema.